Siku Nne za Hamud na Nunu Melini

Hamud ameuza mabegi ya safari pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kwa miaka ishirini na tisa, na mpaka mwaka jana safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Unguja, nayo alitapika tangu boti ilipoondoka Dar mpaka ilipofunga gati ya Malindi kulekule Unguja. Hilo halikumzuia kushauri wasafiri. Mtu akija kununua begi la kwenda Guangzhou, Hamud humweleza hali ya hewa ya Guangzhou. Anayekwenda Tunduma humweleza Tunduma. Na wote huwamalizia kwa maneno yaleyale: "Chukua kubwa. Kubwa halijawahi kumuudhi mtu."

Mimi duka langu limepakana na lake. Nauza masufuria na chupa za chai, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo ushauri huo nimeusikia mpaka naweza kuutoa mwenyewe akiwa ameenda kuswali. Jina langu Candida, lakini pale mtaani wananiita Mama Godbless. Habari ya safari yao nimesimuliwa mara mbili, mara moja na Hamud na mara moja na mkewe Nunu. Pale wanapopishana namwamini Nunu, kwa sababu katika habari ya Hamud hakuna mahali anapokimbia.

Binti yao Anfal ameolewa Dubai. Mwaka jana wazazi wake walipotimiza miaka thelathini na moja ya ndoa, aliwapigia simu ya video wakiwa wote wawili dukani. Akawaambia amewakatia nafasi kwenye meli ya kitalii, siku nne, inatoka Dubai inaenda Maskati na kurudi. Tiketi, viza, kila kitu tayari.

"Inaenda Maskati kufanya nini?" Hamud akauliza.

"Kutembea, Baba. Mnakula, mnalala, mnaangalia bahari."

"Halafu?"

"Halafu mnarudi."

Hamud akaitazama simu. "Yaani inarudi palepale ilipotoka."

"Ndiyo, Baba."

"Na duka je?"

Nunu alikuwa nyuma anafuta vumbi kwenye mabegi ya shule. Hakuinua hata uso. "Duka litafungwa," akasema, "na funguo atakaa nazo Mama Godbless." Mjadala ukaishia hapo.

Anfal aliwatumia ujumbe kwamba wachukue mabegi madogo ya kitambaa, kwa sababu vyumba vya melini ni vidogo. Hamud aliusoma kwa sauti, akacheka, akasema mtoto ana digrii lakini habari za mabegi hazijui. Akapanda ngazi akateremsha lile la buluu, gumu, la magurudumu manne, ambalo lilikuwa limekaa juu ya rafu miaka mitatu bila kupata mnunuzi kwa sababu hakuna mtu mwenye nguo za kulijaza. Lilikuwa na ukubwa wa friji ya wastani. Nunu alilijaza. Aliweka kanzu saba za mumewe, magauni yake, pasi, taulo, viatu vya kubadilisha, dawa za presha, chaja za simu, na katikati kabisa, amekizungushia kanga, chetezo chake cha umeme pamoja na udi wa kutosha kufukizia harusi.

Walipofika bandarini Dubai, wapagazi wa meli walikuwa wamejipanga kupokea mizigo. Unawapa begi, wanalibandika lebo yenye namba ya chumba chako, na jioni unalikuta mlangoni. Hamud hakulielewa hilo. Kwetu Kariakoo ukimpa mtu begi lako kwa hiari yako, umempa. Akalikumbatia. Mpagazi akavuta kidogo, Hamud naye akavuta, na foleni nyuma yao ikasimama mpaka Nunu akambandua mumewe vidole, kimoja kimoja, huku akiwaomba radhi watu kwa Kiarabu.

Ndani ya meli wakagundua kosa lao la kwanza. Wenzao walikuwa wamebeba vibegi vya mkononi vyenye nguo za kuogelea, dawa na chaja, na baada ya saa moja walikuwa kwenye bwawa. Wao hawakuwa na kitu mkononi isipokuwa pasipoti. Wakakaa kando ya bwawa hivyohivyo walivyotoka nyumbani kwa Anfal, Hamud na kanzu na kofia yake, Nunu na baibui lake, na kitoto kimoja cha Kizungu kikaja kuwauliza kama wao ndio wenye meli. Kwa hiyo wewe unayekwenda mara ya kwanza, vitu utakavyohitaji kabla ya jioni vibebe mwenyewe. Dawa hasa. Usiache dawa zako zitembee na mtu usiyemjua.

Vitu viwili tu Hamud alikuwa navyo mfukoni: vidonge vya kuzuia kutapika na tangawizi. Akameza viwili meli ikiwa bado imefungwa kamba, akatia na kipande cha tangawizi mbichi shavuni, akalala kwenye kiti cha bwawani. Alizinduliwa na king'ora. Lilikuwa zoezi la dharura, linafanyika kila safari kabla ya meli kuondoka, na kila abiria lazima aende sehemu yake akaelezwe namna ya kujiokoa. Lakini Hamud hakujua ni zoezi. Nunu anasema hajawahi kumwona mumewe akiondoka mahali kwa kasi ile. Alimkuta ghorofa ya boti za kuokolea, amekwisha kuvaa boya la kifuani, anamuuliza mfanyakazi mmoja viti vyake viwili ni vipi.

"Viwili?" nilimuuliza Nunu.

"Aliniwekea," Nunu akasema. "Siwezi kumlaumu kwa hilo."

Jioni walipokuwa mezani wanakula samaki, Hamud akauliza meli itaondoka saa ngapi. Nunu akamwonyesha dirishani. Dubai ilikuwa imebaki mstari wa taa. Meli kubwa haiyumbi kama boti ya Unguja, na vile vidonge alivimeza kwa hofu tu. Anayeogopa kutapika achukue chumba cha ghorofa za chini, katikati ya meli, ambako hakutikisiki. Tangawizi haina madhara, lakini uiteme kabla ya chakula. Hamud alisahau, akalalamika kwamba samaki wa melini wana tangawizi nyingi.

Waliporudi chumbani begi halikuwepo mlangoni. Milango yote ya korido ile ilikuwa na mabegi yake isipokuwa wao. Badala yake palikuwa na karatasi inayowaita ghorofa ya kwanza, chumba cha usalama. Huko wakakuta foleni ya watu wenye sura za kukamatwa. Mzungu mmoja mzee alikuwa amekamatwa na pasi. Mama wa Kihindi na birika la umeme. Wote wanatazama chini. Begi la buluu lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa, na askari ameweka pasi upande mmoja na chetezo upande wa pili.

Askari akauliza chetezo ni kitu gani. Hamud, kwa Kiingereza chake cha biashara, akaeleza kwamba ni cha kufukizia chumba. Askari akauliza kama ina maana walikusudia kuchoma kitu chumbani.

"Moto mdogo tu," Hamud akamjibu.

Nunu anasema hilo "mdogo tu" ndilo lililomfanya askari achukue hadi udi wenyewe. Waliandikiwa risiti, vitu vyao wakarudishiwa siku ya kushuka. Kitu chochote kinachotoa joto, kiache nyumbani. Pasi, birika, jiko la spiriti, mshumaa. Ukivaa nguo yenye makunyanzi ndani ya meli hakuna anayekujua.

Mhudumu wa vyumba vya korido yao alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na alipowasikia wanabishana kwa Kiswahili namna ya kupitisha begi mlangoni, akaweka chini mashuka yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Nunu akasema, na kidogo alie. "Wa wapi wewe?"

"Kibosho, mama. Naitwa Pius."

Kibosho ni kwetu mimi, kwa hiyo sehemu hii nilimrudisha Nunu airudie. Pius aliwaeleza kwamba vitanda vya melini vimeinuliwa makusudi ili begi liingie chini yake. Walijaribu kwa ubavu, wakajaribu kwa mgongo. Hamud akalala sakafuni akapima kwa shubiri. Lilizidi vidole vinne. Likabidi lisimame kati ya kitanda na mlango, na kuanzia hapo kwenda chooni kukawa ni kupanda kitandani, kuvuka kwa magoti, na kushukia upande wa pili.

Pius alijifuta jasho. "Samahani mzee, nani alikuuzia begi hili?"

Hamud akawa anatazama dari.

"Mume wangu," Nunu akasema.

Tangu walipomaliza safari hiyo Hamud ameagiza mabegi ya kitambaa, madogo, yanayokunjika, na mteja akimwambia anakwenda melini hampi kingine hata akitaka. Na milango: korido za meli ni ndefu na milango yake inafanana kama mayai. Siku ya pili Hamud alisukuma mlango ambao haukuwa wao, akamkuta mwanamke amejipaka tope la kijani uso mzima, wote wawili wakaombana radhi kwa lugha mbili tofauti. Baada ya hapo Nunu alifunga mtandio mwekundu kwenye kitasa cha mlango wao. Pius akasema huo ni ujanja wa wazoefu.

Sasa Maskati. Hamud ana ndugu Maskati, kama walivyo nao Waarabu wengi wa Dar, na kabla ya safari aliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba meli yao itatia nanga Jumatano asubuhi. Akaona ametoa taarifa tu. Jumatano walipotoka getini walikuta watu kumi na mmoja na magari matatu. Mbele yao alikuwa Ami Ghassan, mdogo wa baba yake Hamud, mzee wa miaka themanini na mbili, mzaliwa wa Tabora, anayezungumza Kiswahili cha zamani kilichonyooka na hapendi kubishiwa kwa lugha yoyote.

Wakapelekwa kwake Seeb, ambako kutoka bandarini ni mbali kama Mbezi ilivyo mbali na Posta. Wakala kifungua kinywa. Kisha wakapelekwa nyumba ya pili, kwa Shadya, binti wa ami yake, ambaye alikuwa amepika tangu alfajiri, wakala tena. Kisha wakarudishwa kwa Ami Ghassan, Shadya akiwa pamoja nao, kwa chakula cha mchana. Katika karatasi waliyopewa melini iliandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba abiria wote wawe ndani saa 4:30, na meli itaondoka saa 5:00. Hamud alimpa mzee aione. Ami Ghassan akavaa miwani, akaisoma taratibu.

"Saa nne na nusu," akasema. "Usiku huo. Nafasi ipo tele. Shadya, lete pilau."

Hamud alijua kwamba nne na nusu ya karatasi ni saa kumi na nusu alasiri yetu. Alijua kabisa. Lakini ni ami yake, na mzee alikuwa amekwisha kumkatia paja la mbuzi, na tangu utotoni Hamud hajamwambia ami yeyote kwamba amekosea. Akala. Akamtazama Nunu kwa macho ya kuomba msaada. Nunu akatazama saa ya ukutani: saa tisa na dakika hamsini.

"Ami," Nunu akasema kwa adabu, "kwa Kizungu saa nne ni saa kumi yetu."

Mzee akaweka kijiko chini. "Sasa mbona hamkusema?" akasema. "Mnakaa mnakula tu."

Hapo ndipo watu kumi na watatu walipoinuka kwa mpigo. Shadya hakukubali waondoke mikono mitupu, akafunika sinia zima la pilau kwa karatasi ya alumini akampakatisha Hamud garini. Barabara ilikuwa imejaa. Ami Ghassan, kiti cha mbele, alimpigia mtu simu kuomba meli ingoje, na Nunu mpaka leo hajui alimpigia nani. Getini walifika saa kumi na dakika arobaini na tatu. Mlinzi akawaambia chakula kilichopikwa nje hakiingii melini. Hamud akamwachia sinia yeye na wenzake wawili, na wa nne alipotokea akaletewa kiti.

Kisha wakakimbia. Hamud alikuwa amepandisha kanzu mpaka magotini, makubadhi mkononi. Nunu alikuwa mbele yake. Gati ile ni ndefu, na juu kwenye ghorofa zote za meli abiria walikuwa wamejaa kwenye vizuizi wanapiga makofi na miluzi, kwa sababu kumbe kuwatazama waliochelewa ni burudani ya kila bandari. Nunu akadhani wanawasalimia. Akapunga mkono huku anakimbia. Makofi yakazidi, akapunga miwili.

Ngazi ilikuwa inaanza kuvutwa. Pius alikuwa amesimama mlangoni, anawaeleza wenzake jambo kwa mikono yote miwili, na walipoingia alikaa kitako sakafuni kabla yao.

Hamud anasema walitembea kwa mwendo wa haraka.

Meli haingoji mtu, hata ami yake. Uwe bandarini saa nzima kabla ya saa uliyopangiwa, na hiyo saa uigeuze kwa Kiswahili mapema ukaiandike mkononi kama ni lazima. Kuhusu ndugu, Nunu anashauri waambiwe meli ikishaondoka. Picha ya bandari kwa mbali, salamu nyingi, basi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya baharini tupu. Hakuna bandari, hakuna ndugu. Nunu anasema ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu walikaa viti viwili vilivyotazama maji na hakuna hata mmoja aliyejua la kusema. Dukani kuna mteja, nyumbani Upanga kuna luku ya umeme, mafundi, simu. Pale palikuwa na maji.

"Bahari imetulia," Hamud akasema.

"Imetulia," Nunu akasema.

Ndiyo maana Pius alipopita na kuwaambia kuna mchezo wa wanandoa ukumbini saa tisa alasiri, wakaenda mbio kuliko gatini. Jozi zilikuwa tatu: Wajerumani waliooana mwaka ule, Wafilipino wa miaka kumi, na wao. Tayari walikuwa maarufu meli nzima, kwa hiyo walipopanda jukwaani watu walishangilia. Pius aliombwa awatafsirie. Waume waliulizwa maswali wake zao wakiwa nje, kisha wake wakaitwa kujibu yaleyale, na majibu yakifanana mnapata pointi.

Swali la kwanza lilikuwa mlionana wapi mara ya kwanza. Hamud alisema harusini kwa dada yake. Nunu alisema kwenye foleni ya maji ya bomba, Hamud alimmwagia ndoo yake na hakuomba radhi. Hamud hakumbuki ndoo yoyote. La pili, nani kati yenu hukoroma. Kila mmoja alimtaja mwenzake. La tatu lilikuwa zawadi gani mkeo huipenda kuliko zote, na hapa Hamud alikuwa amejibu kwa kifua mbele: ubuyu. Alikuwa ameueleza ukumbi mzima ubuyu ni nini, unavyopikwa kwa sukari na pilipili, na kwamba amemnunulia mkewe kila Alhamisi tangu walipooana.

Nunu akaulizwa. Pius akatafsiri swali, Nunu akafikiri.

"Chochote," akasema, "isipokuwa ubuyu."

Pius aliona vibaya kulitafsiri. Mwongoza mchezo akamsisitiza, akalitafsiri, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Hamud akamgeukia mkewe. "Hupendi ubuyu?"

"Unanichoma koo."

"Miaka thelathini na moja?"

"Mwaka wa kwanza niliona haya kukwambia. Mwaka wa pili nikaona nimechelewa."

"Sasa huo ubuyu ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwa Mama Godbless," Nunu akasema. Pius akatafsiri na hilo, na hivyo ndivyo jina langu lilivyotajwa kwenye kipaza sauti katikati ya bahari, mbele ya watu mia mbili ambao wote walinipigia makofi.

Ni kweli. Nimekula ubuyu ule miaka kumi na sita, tangu nilipohamia pale. Kabla yangu alikuwa anampa fundi saa.

Walishika nafasi ya mwisho, wakapewa kofia mbili. Wakarudi kwenye viti vyao vinavyotazama maji, na sasa Hamud akawa na maswali. Alitaka kujua kama Nunu anapenda rangi ya mapazia ya sebuleni. Hapendi. Kama anampenda yule dereva wa bajaji anayewapeleka dukani asubuhi. Hampendi, anaongea sana, na Hamud akasema hata yeye hampendi, amekuwa akimvumilia kwa ajili yake. Wakacheka mpaka mwanamke wa tope la kijani, ambaye alikuwa kiti cha tatu, akasogeza kitabu chake pembeni awatazame. Waliulizana hivyo mpaka chai ya jioni ikaja na kuondoka. Nunu anasema alitamani meli ipotee njia kidogo.

"Sasa unapenda nini?" Hamud akamuuliza mwisho.

"Korosho," akasema. "Za kukaanga. Za chumvi."

Ushauri wa mwisho ninao mimi, na si wa mabegi. Mkipata siku ya baharini tupu msijaze ratiba. Kaeni.

Wamerudi sasa miezi minane. Kila Alhamisi baada ya Alasiri Hamud anapita mbele ya duka langu na pakiti ya korosho, ananiambia habari za jioni bila kunitazama vizuri machoni, anaingia kwake. Kupitia ukuta wa mbao nasikia pakiti ikifunguliwa, nawasikia wanatafuna wote wawili. Nunu ni shoga yangu wa miaka mingi, na hajanionjesha hata moja.